Kiangazi Katika Chumba cha Hewa

Jumatatu, 5 Januari

Mjomba ameagiza joto la chumba cha oksijeni liandikwe kila siku, asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu mwaka jana tulimpoteza paka mmoja, naye hakufa kwa kukosa hewa. Aliiva ndani ya kizimba. Mjomba hakusema "aliiva." Hilo ni neno langu, maana mimi ndiye niliyemtoa.

Basi nimeanza daftari. Asubuhi ishirini na saba, mchana thelathini na tatu. Na kwa kuwa mistari ni mingi na humu ndani sina wa kuzungumza naye ila wasioweza kujibu, nitaandika na mengine.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo. Kina kizimba chenye kuta za plastiki ngumu inayoonyesha ndani, mashine ya oksijeni inayonguruma mchana kutwa, mtungi mmoja mrefu wa akiba uliofungwa kwa mnyororo usije ukaanguka, meza ya chuma na kiti changu. Dirisha lilipakwa rangi zamani, likagandia. Nyuma ya ukuta ndiko ninakolala, kwa hiyo hata kitandani mashine naisikia. Mwaka wa kumi na moja huu. Wateja wananiita Dada Hewa.

Mjomba ni kaka yake marehemu mama. Ndiye daktari na ndiye mwenye kliniki. Alinichukua nikiwa na miaka kumi na minane, akanifundisha kila ninachokijua. Sijawahi kumwambia hapana.

Jumatano, 7 Januari

27, 34. Sungura mmoja. Amerudi kwao akitafuna.

Ijumaa, 9 Januari

28, 34.

Mama Pua amekuja. Jina hilo tumempa sisi hapa kliniki na tunaomba asije akalisikia. Ni fundi cherehani, mjane, ana duka lake la kushona mtaa wa nyuma, na anafuga wale mbwa wa nyuso zilizobonyea, ambao ukiwatazama kwa ubavu unadhani walikimbia wakagonga ukuta. Anao wanne. Kipenzi chake ni jike wa miaka minne aitwaye Tulia. Jina na mwenye jina hawajawahi kukutana.

Leo Tulia ameletwa amebebwa kwa khanga, ulimi umekuwa wa zambarau, pumzi inakwaruza kama msumeno kwenye mbao mbichi. Pua zake ni nyufa mbili tu, na nyuma ya koo kuna kinyama kirefu kinachoziba njia. Siku ya baridi anakoroma. Siku ya joto anahema, na kadiri anavyohema koo linavimba, na likivimba hewa inapungua, naye anahema zaidi. Nikamtia kizimbani na chupa mbili za barafu zilizofungwa taulo.

Kizimba kina sheria moja: usifungue. Hewa uliyoijaza kwa nusu saa inatoka yote kwa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo mnyama anahangaika mbele yako, anakutazama machoni, na wewe umekaa pale unamwangalia tu.

Mama Pua alibandika kiganja kwenye plastiki. "Nifungulie nimshike kidogo."

"Mama, ukimshika unamnyang'anya pumzi."

"Anadhani nimemtupa."

"Mwache adhani. Akipona mtayamaliza."

Baada ya saa moja ulimi ukarudi rangi ya waridi. Mama Pua akapangusa jasho, akatabasamu, akamwambia mjomba, "Dokta, sikukwambia. Huyu kapandwa juzi. Mwezi wa tatu, Mungu akijalia, tuna wajukuu."

Nikamgeukia mjomba. Nilikuwa na hakika atasema. Mnyama asiyejitosheleza pumzi yake mwenyewe anakwenda kubeba mimba mpaka mwisho wa kiangazi! Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, mkono wa kulia mfukoni mwa koti lake jeupe.

"Hongera," akasema, akaondoka.

Mama Pua alipokwenda nilimfuata ofisini. "Mjomba, kwa nini hatumfanyii upasuaji? Pua zinapanuliwa, kile kinyama kinapunguzwa. Zamani ulikuwa unafanya."

"Hewa inamtosha."

"Kila wiki?"

"Nimesema hewa inamtosha, binti."

Mbwa aliyepona harudi, na asiyerudi halipi. Nimeliandika, na Mungu anisamehe, lakini ndilo nililolifikiria mpaka usingizi ukanichukua.

Jumanne, 13 Januari

28, 34. Hakuna mgonjwa. Nimesugua kizimba.

Ijumaa, 16 Januari

28, 35. Tulia tena. Mjomba alitakiwa kumchoma sindano ya kupunguza uvimbe wa koo, akanipa mimi. "Macho yangu yamechoka." Ni miezi sita sasa macho yake yanachoka kila sindano inapotokea, ila gazeti analisoma bila miwani, mpaka matangazo ya vifo.

Jumatano, 21 Januari

28, 35. Mdogo wangu amepiga simu. Mwanawe anatimiza mwaka mmoja Jumamosi, niende. Nikamwambia kuna mbwa kwenye hewa.

"Dada, kwako daima kuna mbwa kwenye hewa," akasema, akakata.

Mtoto huyo nimemwona kwenye picha tu.

Ijumaa, 30 Januari

29, 36. Tulia amekuja mara tatu wiki hii. Tumbo limeanza kuonekana. Zamani alikuwa akinitazama kupitia plastiki mpaka akatulia. Sasa ananipa mgongo.

Jumatano, 4 Februari

29, 36.

Leo nimeona jambo ambalo ningependa kama nisingeliona.

Waliletwa mbwa wawili wa mlinzi waliokuwa wamepigana. Mmoja alikuwa na jeraha la kifua na pumzi fupifupi, naye alikuwa mkubwa mno kwa kizimba. Mbwa wa namna hiyo tunampitishia mpira mwembamba puani, tunaushikiza kwa uzi, analala na hewa yake. Mjomba akaniambia nikalete barafu kwenye friji ya ofisini. Barafu ilikuwa imeisha, nikarudi mara moja.

Alikuwa ameinama juu ya mbwa, ameshika mpira, na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Si mtetemo wa njaa au wa hasira. Ulikuwa unapiga wenyewe, kidole gumba kikisugua kidole cha pili bila kukoma. Ncha ya mpira ikamgonga mbwa jichoni. Mjomba akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaukandamiza mezani jinsi tunavyomkandamiza mnyama mkorofi, akasubiri. Ukatulia. Akaunyanyua. Ukaanza upya.

Aliniona.

"Tangu lini umesimama hapo?"

"Sasa hivi tu."

"Funga mlango."

Nikafunga. Tukawa sisi wawili na mbwa.

"Ni uchovu," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

Sikusubiri aseme. Nikamdondoshea mbwa dawa ya ganzi puani, nikapima mpira kutoka puani mpaka pembe ya jicho, nikautia alama kwa wino, nikaupitisha taratibu. Nikashona uzi mmoja kando ya pua na mwingine katikati ya paji la uso. Nikafungua hewa. Mjomba alisimama nyuma yangu muda wote. Nilipomaliza akasema, "Vizuri sana."

Sikumbuki mara ya mwisho aliponisifu. Nilitamani asingesema.

Kumbe sivyo nilivyodhani. Mwezi mzima nimekuwa nikimwona mtu mwenye tamaa, kumbe ni mtu anayejificha. Lakini mwenye tamaa ningemkasirikia, nikafunga begi langu nikaenda zangu. Huyu nitamwachaje?

Alhamisi, 12 Februari

29, 36. Sasa mimi ndiye mkono wake. Sindano, nyuzi, meno, vidonda. Jana nilihasi paka. Wateja wanaambiwa, "Daktari yuko kwenye upasuaji," mlango unafungwa, yeye anasimama kando ananielekeza kwa sauti ya chini, mimi nakata. Cheti cha udaktari sina. Akifa mnyama mmoja tu mkononi mwangu, tumekwisha wote wawili. Yeye halizungumzii, nami silizungumzii. Tunazungumza habari za joto.

Nimemkumbuka Yule Mrefu. Alikuwa mwanafunzi wa mjomba hapa hapa, miaka miwili, hodari. Miaka sita iliyopita, mjomba akishona ng'ombe uani mbele ya watu, yule kijana akasema kwa sauti, "Mwalimu, mkono wako una nini?" Mjomba alimfukuza siku hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyemfungashia vitu vyake. Nilimwambia hana adabu, na nilikuwa naamini kila neno. Sasa anatibu katika mji wa pili, mwendo wa saa mbili. Jina lake halitajwi humu.

Jumanne, 17 Februari

30, 37. Umeme umekatika saa nzima. Nimefunga mashine, nikafungua mtungi. Jenereta letu linabeba friji ya chanjo na taa tu. Ukiliongezea mashine ya oksijeni linakohoa, linazima.

Ijumaa, 20 Februari

30, 37.

Tulia yuko kizimbani, tumbo limevimba, kifua kinapanda na kushuka kwa kazi. Mama Pua ameleta kazi yake humu ndani, anapinda ukingo wa gauni kwa mkono. Ilikuwa inakaribia saa tisa, sisi wawili, mashine inanguruma, jasho linatuteremka mgongoni.

"Mkono wake wa kulia," akasema bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Umefikia wapi?"

Nikajitia sijaelewa. "Mkono wa nani, mama?"

"Binti, mimi nimeshika sindano miaka arobaini. Nimefundisha mafundi, nimezeeka nao. Mkono ule naujua. Nilimwona mwaka juzi akiandika dawa, nikajua."

Mwaka juzi! Nikaitazama sindano yake ikipanda na kushuka. Halafu hasira ikaja. "Basi kama ulijua, na unajua Tulia anahitaji kupasuliwa, mbona hukumpeleka kwingine?"

"Mbwa wangu wa kwanza alimpasua yeye. Akaishi miaka tisa, anapumua vizuri kama mtoto mchanga. Na mume wangu alipolala kitandani mwaka mzima, nani alikuwa akija kila jioni kumpigisha soga? Leo nimpite mlangoni na mbwa mikononi niende kwa mwingine? Mji wenyewe huu, hata ukipiga chafya mtaa wa pili wanakuombea afya."

"Kwa hiyo Tulia avute pumzi kwa tabu ili mjomba asione haya?"

Sindano ikasimama.

"Na kumpandisha?" nikaendelea. "Hilo nalo ni heshima?"

Aliinamisha kichwa. Nilidhani atanuna, aondoke. Akasema polepole, "Hilo ni langu mwenyewe. Niliona hatadumu. Nikataka nibaki na mmoja wa damu yake. Usiniambie lolote, najiambia kila siku."

Alipokwenda nilihesabu. Mjomba anajua, Mama Pua anajua, mimi najua, na kila mmoja anamlindia mwenzake uso. Asiyejua ni Tulia peke yake, naye ndiye anayelipa.

Jumanne, 3 Machi

30, 37. Umeme umekatika mara mbili. Mshale wa mtungi uko juu kidogo ya nusu. Msambazaji anasema mtungi mwingine ni wiki ijayo. Wiki jana pia alisema wiki ijayo.

Jumapili, 8 Machi

31, 38. Leo nimejaribu kumwambia mjomba kwamba Tulia hatazaa mwenyewe, vichwa vya watoto wa mbwa hawa ni vikubwa, tutafute daktari wa kusaidia. Nimefika mpaka "Mjomba, kuhusu Tulia." Akasema, "Feni ya mapokezi inapiga kelele, itazame." Nikaenda kuitazama.

Alhamisi, 12 Machi

Joto la asubuhi sikuandika. La mchana thelathini na tisa.

Mama Pua alifika saa tano, amefungua kilemba, amekitandika chini ya mbwa. Uchungu ulianza alfajiri na hakuna kilichotoka. Tulia alikuwa akisukuma, halafu akisahau kusukuma kwa kutafuta hewa. Nikambana ulimini kile kipimo kidogo cha oksijeni ya damu: themanini na nne. Mnyama mzima huwa tisini na tano kwenda juu. Nikamtia kizimbani na barafu yote iliyokuwapo. Akapanda mpaka tisini na moja.

Saa sita na dakika kumi mashine ikanyamaza.

Nilisikia ule ukimya kabla sijaelewa ni nini. Umeme. Kizimba bila mashine ni sanduku la moto tu, nikamtoa. Nikachukua ile kola pana ya plastiki tunayowavisha wasijilambe, nikamvika shingoni, nikafunika sehemu kubwa ya mdomo wa kola kwa nailoni, nikaacha mwanya juu ili joto na hewa chafu vitoke, nikapitisha mpira kwa chini, nikafungua mtungi. Mshale ulikuwa chini ya nusu.

Mjomba alikuwa kwenye sinki ananawa. Alinawa muda mrefu. Matone yalikuwa yakiruka kutoka mkono wa kulia mpaka kwenye kioo.

"Andaa meza," akasema.

"Nani atakata, mjomba?"

"Mimi."

Maisha yangu yote neno lile lilikuwa halijawahi kunitoka mbele yake. Lilitoka dogo. "Hapana."

Alifunga bomba. "Basi utakata wewe. Nitakuongoza."

Nikamtazama Tulia. Kuhasi paka mzima ni jambo moja. Kumfungua tumbo mbwa ambaye pumzi yake inaning'inia kwenye uzi, kumpa usingizi wakati koo lenyewe limeziba, bila umeme, ni jambo jingine. Ningemuua. Na mjomba angesimama kando akiniambia kwa sauti ya chini niendelee.

"Hapana," nikasema tena. Mama Pua alikuwa mlangoni, anasikia yote. Nikapiga moyo konde, nikachukua simu ya mjomba mfukoni mwa koti lililoning'inia, nikatafuta jina lililokuwa halitajwi. Lilikuwamo. Hakuwahi kulifuta.

Yule Mrefu alipokea haraka. Nilijieleza hovyohovyo. Nilikuwa nimejiandaa aniambie, leo ndiyo mmenikumbuka? Akauliza, "Mtungi una kiasi gani?"

"Chini ya nusu."

"Punguza hewa mpaka uone fizi zinataka kubadilika, halafu ongeza kidogo, uiache hapo hapo. Mlaze kifudifudi, shingo inyooke. Mloweshe miguu. Naondoka sasa."

Niliporudisha simu, mjomba alikuwa amesimama pale pale. Hakunigombeza. Aliingia ofisini, akafunga mlango. Mlango ule sijawahi kuuona umefungwa mchana.

Zilikuwa saa mbili nzima za kungoja. Nilipiga magoti kando ya meza, mkono mmoja umeshika mpira, mwingine uko kidevuni mwa Tulia kumnyoosha shingo. Mama Pua alimlowesha miguu, akampepea kwa karatasi ya kukatia mitindo, akamwimbia kitu bila maneno. Mshale wa mtungi ulikuwa mbele ya macho yangu, sikuwa na pa kutazama pengine. Fizi zikififia naongeza, zikirudi napunguza. Mkono wangu ulikufa ganzi, nikaogopa kuubadilisha. Mara mbili Tulia aliacha kuhema kabisa na mara mbili nilimfinya sikio akashtuka. Nilimchukia mjomba, nikamchukia Mama Pua, nikajichukia mimi kwa ile siku ya kufungasha vitu vya mtu aliyesema kweli.

Saa nane na robo Yule Mrefu aliinama kupita mlangoni. Ameongeza mwili, ana mvi mbili tatu. "Mwalimu yuko wapi?" Nikamwonyesha kwa kichwa. Akaenda, akagonga mlango wa ofisi.

"Shikamoo, mwalimu."

Nilihesabu pumzi sita za Tulia.

"Marahaba," sauti ikatoka ndani. Basi. Akaja kufanya kazi.

Alimpa hewa dakika tano kabla ya dawa ya usingizi, halafu akapitisha mpira kooni, mwembamba, wa saizi ya paka, maana mwingine haukupita. Nilishika taa, nikashika mfuko wa hewa, nikaminya kila alipohesabu. Watoto wanne. Wa kwanza alikuwa ameshakufa. Wa pili alilia mara tu alipofutwa. Wa tatu alisuasua, Mama Pua akamweka kwenye chupa tuliyoikata kuwa faneli, nikampulizia hewa kidogo, akapiga kelele. Wa nne alitoka mlegevu na mikono ilikuwa imetuishia sote.

Mkono ukaja kutoka nyuma yangu, ukamchukua. Mjomba, bila koti. Akamfunga taulo, akaanza kumsugua mgongo, mbavu, mgongo. Kusugua hakuhitaji mkono mtulivu. Nilimwelekezea mpira wa hewa, akamsogeza karibu. Alisugua dakika kumi. Alisugua ishirini. Yule Mrefu alikuwa ameshashona tumbo la Tulia, amemfunga na kizazi, Mama Pua mwenyewe alisema fungeni. Akatazama mtungi, akasema, "Nikiutoa mpira kooni na pua hizi, tutarudi tulipotoka," akakata kipande kidogo kila upande wa pua, akashona. Mjomba bado anasugua.

"Mwalimu," Yule Mrefu akasema. "Huyo ameshakwenda."

Mjomba hakumweka chini. Alitoka naye uani.

Mpira ulipotolewa kooni mshale ulikuwa umegusa chini. Mtungi ulitoa mluzi mdogo, ukanyamaza. Sote tulisimama tunamtazama Tulia. Alivuta pumzi. Tukasubiri ule mkwaruzo wa msumeno. Haukuja. Ilikuwa pumzi tu.

Ijumaa, 13 Machi

31, 37. Tulia ananyonyesha wawili. Kinyama cha koo kitapunguzwa akipata nguvu. Mjomba hajasema na mimi.

Jumatatu, 16 Machi

30, 37. Hajasema. Anaweka funguo mezani badala ya kunipa mkononi. Kaburi dogo nimeliona nyuma ya tangi la maji.

Alhamisi, 19 Machi

30, 36. Kimya. Wagonjwa wanaohitaji kushonwa anawaambia waje wiki ijayo.

Jumamosi, 21 Machi

30, 36. Nimefunga begi. Nimempigia mdogo wangu, nikamwambia nakuja kesho. Saa kumi ameletwa paka mwenye pumu. Nimefungua begi kutoa kandambili.

Jumanne, 24 Machi

29, 35. Mama Pua ameleta Tulia aangaliwe nyuzi. Ametembea mwenyewe kutoka mtaa wa nyuma. Mama Pua akamsalimia mjomba kama kawaida, naye akaitikia kama kawaida, na hakuna aliyesema neno la maana. Nilikuwa karibu kupiga ukelele.

Ijumaa, 27 Machi

Leo mapokezi yalijaa tangu saa tatu. Mwanamke mmoja alileta paka aliyeanguka kutoka ghorofani. Pumzi zake zilikuwa za juujuu, tumbo limeingia ndani kama mtu aliyebana suruali. Kiwambo cha kifua kimechanika, matumbo yamepanda juu. Hilo halina dawa ila kufunguliwa na kushonwa. Nikamchukua, nikampakata kwenye taulo, kichwa juu, nikamshikia barakoa ndogo ya hewa. Ukimwacha sekunde kumi anaanza kuwa buluu. Kwa hiyo nilikuwa nimekwama pale kitini wakati niliposikia sauti ya mjomba upande wa pili wa ukuta.

Alikuwa anapiga simu pale kaunta, mbele ya watu wote.

"Ni mimi, mwalimu wako," akasema. "Nina paka hapa wa kushonwa kiwambo. Njoo umshone wewe." Akanyamaza kidogo. "Mkono wangu umekwisha. Una miaka sita haufai, uliona mwenyewe." Akanyamaza tena. "Ndiyo, wateja wapo. Wananisikia. Waache wasikie."

Nilitaka kutoka nimwone uso. Nilitaka kumwambia nisamehe, au kumwambia kwa nini umechelewa, sijui lipi lingetangulia. Lakini paka alikuwa mikononi, na chini ya barakoa alikuwa ndiyo kwanza anapata rangi.

Mlango ukafunguliwa. Mjomba akasimama, mkono wa kulia uko nje ya mfuko, unapiga kadiri unavyotaka.

"Atafika saa sita," akasema. Maneno ya kwanza kwangu kwa siku kumi na tano. "Paka atadumu?"

"Atadumu, mjomba, asipoachiwa."

Akavuta kiti cha pili, akakaa karibu yangu mpaka magoti yakagusana. Akaleta mkono wa kushoto, ule mzima, akaubandika barakoani juu ya vidole vyangu, akasubiri nivitoe.

"Nimekuweka humu muda mrefu mno," akasema. "Toka. Nenda nje."

"Na wateja?"

"Wataningoja. Toka, binti."

Nikampa paka taratibu, pamoja na taulo lake. Nikapita kaunta, watu wakanipisha njia. Nikafungua mlango wa nyuma. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, nami niko uani mikono mitupu. Upepo ulikuwa unapita juu ya ukuta. Sikujua nisimame wapi.